Naomba Neema ya Leo

Mume wangu alipatwa na kiharusi Ramadhani ya 2021, majirani wakiwa wameamka kula daku. Msaada wa kwanza ulitoka kwao. Nilipopiga ukelele, mlango wa nyumba ya pili ndio uliofunguka, na kijana wa pale akatoka mbio kutafuta tuktuk ilhali saa za kafyu ya korona zilikuwa bado hazijaisha. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, amenikodolea macho, anataka kusema neno na neno halitoki. Mama wa kijana yule alimshika miguu, mimi nikamshika kwapani, tukamtoa nje.

Alikuwa mpishi wa hoteli. Wanaoijua Malindi wanayajua maisha hayo. Kaskazi ikivuma, wageni wanakuja, hasa Waitaliano, na kazi ipo. Masika yakiingia na kusi ikaanza, bahari inageuka rangi kwa maji ya matope ya Mto Sabaki, mwani unajaa ufuoni, hoteli zinafunga milango, wafanyakazi wanarudi nyumbani kungoja kuitwa. Mwaka wa 2020 korona ilipoingia tulingoja, na simu haikulia. Mwaka mzima alikaa bila kazi, akihangaika huku na huku kwa vibarua, na presha inapanda bila mtu kuipima.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, ambaye amechoka kuomba na anaogopa kusema mbele ya watu wa kanisa kwamba amechoka. Nataka nimwambie ninachomwomba Mungu siku hizi.

Mwanzoni tuliomba uponyaji. Kanisa letu la Kisumu Ndogo lilikesha, akina mama wakafunga, mchungaji akaja kumpaka mafuta. Nayaamini maombi yale, na uponyaji bado nauomba. Asije mtu akadhani nimekata tamaa. Lakini miezi ilipita. Waliokuwa wakija kila jioni wakawa wananiuliza habari zake njiani tu, "Baba watoto anaendeleaje?", nami najibu, "Tunamshukuru Mungu." Kisha naingia ndani, na ndani kazi ni ileile. Kumgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongo. Kumkalisha wima kabla ya kumnywesha uji, maana akinywa amelala unaweza kumpalia na kuingia mapafuni. Kumnyoosha vidole kimoja kimoja, kwa sababu mkono uliopooza ukiachwa hujikunja ukakakamaa, na ukishakakamaa kuukunjua ni kazi kubwa na maumivu makali. Usiku hivyo hivyo. Kesho hivyo hivyo.

Mimi nauza mahamri na mbaazi. Unga naukanda usiku: unga wa ngano, sukari, hiliki iliyotwangwa, hamira, na tui zito la nazi unalotia kidogo kidogo huku unakanda, mpaka donge liwe laini, liache kushika kwenye sinia. Kisha unalifunika, unaliacha liumuke hadi alfajiri. Mikono inachoka lakini akili iko huru, na kwangu hapo ndipo mahali pa sala. Usiku mmoja nilikuwa nakanda, najaribu kuomba maombi yangu ya siku zote, Bwana mponye, Bwana muinue, nikaona sina tena sauti ya kuyasema. Nilichoweza kusema ni hiki: "Bwana, nipe neema ya kesho asubuhi tu. Akimwaga uji nisimkasirikie." Nikafunika unga, nikaenda kulala.

Asubuhi akaumwaga. Bakuli zima, kwenye shuka niliyoitandika muda huo huo. Sikusikia sauti yoyote moyoni, wala faraja ya namna yoyote. Nilifuta, nikabadilisha shuka, nikamkorogea mwingine, nikaenda kuchoma mahamri yangu. Saa nne, wateja wamepungua, ndipo nilipokumbuka kwamba jambo lile nililiomba na nilipewa.

Tangu hapo maombi yangu yakabadilika. Na aliyenithibitishia kwamba sijapotea njia ni mume wangu mwenyewe, bila kujua.

Baada ya kiharusi alibaki na maneno machache sana. Alikuwa na "eee", alikuwa na "hapana", na alikuwa na neno "kijiko", ambalo lilimtoka kwa kila kitu. Akitaka maji, kijiko. Akitaka taa izimwe, kijiko. Akimwita mtoto, kijiko. Machozi yalimtoka kwa hasira, maana alijua silo neno alilolitaka. Watoto walikuwa wakijificha nje wasimwone akilia. Basi mavyaa wangu akaja kutoka kijijini, Magarini, kukaa nasi siku kadhaa. Jioni ya kwanza, kabla ya kula, akaanza sala kwa sauti yake ile ya kukokota, "Baba yetu uliye mbinguni…" na mume wangu akaitikia. Hakuishia njiani. Jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, neno kwa neno, ulimi mzito lakini kila neno mahali pake, mpaka Amina. Mtoto wetu wa mwisho alibaki na kipande cha sima mkononi, kinywa wazi.

Nilipomweleza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hakushangaa. Alisema maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, sala, nyimbo, hata kuhesabu moja mpaka kumi, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kujitungia mtu mwenyewe yanapopotea. Akatushauri tumwimbishe, kwa kuwa neno linaloshindwa kusemwa wakati mwingine huimbika. Tukamwimbisha. Leo anasema sentensi fupi fupi, na nyingi zimepitia kwenye wimbo kwanza. Namshukuru Mungu kwa elimu ya yule mtaalamu kama ninavyomshukuru kwa sala ya mavyaa, na sioni sababu ya kuvitenganisha.

Lakini usiku ule kilichonikaa ni "utupe leo riziki yetu", kutoka kinywani mwa mtu asiyeweza kuomba maji. Nikafikiria na ile mana ya jangwani, katika Kutoka sura ya 16, jinsi kila mtu alivyookota kiasi cha siku yake, na waliobakisha mpaka asubuhi wakaikuta imeingia mabuu na kunuka. Mimi nilikuwa nikitaka neema ya mwaka mzima niiweke ndani, nijue kabisa kwamba nitafika. Nilitaka Mungu aniambie kama atatembea, kama atarudi jikoni, kama nitazeeka nikimgeuza. Hakuniambia, na mpaka leo hajaniambia. Kila asubuhi kilichohitajika asubuhi ile kimekuwapo, na mara nyingi sikukiona mpaka kimekwisha kutumika.

Kuna mahali katika Injili ya Luka, sura ya 22, ambapo wahubiri wengi niliowasikia wanapita mbio. Yesu yuko Mlima wa Mizeituni, ameomba kikombe kimwondokee, na malaika kutoka mbinguni anamtokea kumtia nguvu. Tungetarajia basi kwamba hapo dhiki ikatulia. Soma mstari unaofuata. Dhiki bado ipo, anazidi kuomba kuliko kwanza, na hari yake inakuwa kama matone ya damu. Nguvu zililetwa na malaika, na kazi ya nguvu zile ilikuwa kumwezesha kuendelea kuomba ndani ya uchungu uleule. Mimi mstari huo umenishika mkono kuliko shuhuda zote za mimbarani. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijipima kwa utulivu: kama sina amani, basi Mungu hajanijibu. Sasa najua mtu anaweza kuwa ametiwa nguvu na Mungu na bado akawa anatoka jasho.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba utoke. Jibu alilopata ni "Neema yangu yakutosha." Mwiba ulibaki. Tunapenda kulinukuu jibu lile kwenye kalenda na kwenye vioo vya matatu, lakini lilikuwa jibu la kukataliwa ombi, na Paulo alilipokea hivyo. Ni haki ya mtu anayeteseka aambiwe hivyo waziwazi.

Nije sasa kwenye jaribu ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine wameuawa na watu wa damu yao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Huko Ganze pana Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia vifo vya namna hiyo walipewa hifadhi. Mvi, ambazo kwa babu zetu zilikuwa heshima, zimekuwa hatari, hata wapo wazee wanaozipaka rangi waonekane vijana. Haya si mambo ya kusikia redioni kwetu sisi. Yaliingia nyumbani kwangu.

Mume wangu alipokaa kitandani miezi bila kuinuka, jamaa walikuja kikao. Wakaanza kwa mbali, tukanywa chai, kisha mmoja akasema, "Ugonjwa huu si wa Mungu." Ndugu yao ni kijana, ana nguvu, alikuwa anapika hotelini kwa Wazungu, alikuwa ameanza kujenga nyumba ya mawe kijijini, nani aliyemwonea kijicho? Na jina likatajwa. Ni baba yake mkubwa, mzee wa pekee aliyebaki katika ndugu za mkwe wangu, anayekaa peke yake na mbuzi wake, na ambaye shamba lake linapakana na letu. Wakasema waende kupiga ramli ili wajue hakika. Wakataka niwape shati la mgonjwa.

Watu wasidhani ilikuwa rahisi. Mtu aliyekesha usiku mwingi bila jibu anatamani jibu lolote, na jibu lenye sura ya mtu linavutia kuliko neno la daktari kuhusu mshipa wa kichwani. Tena mimi ni mke wa kuolewa, waliokaa pale ni wakubwa zangu, na waliuleta mchango wa dawa mkononi. Niliomba pale pale nilipokuwa nimeketi, macho wazi, birika la chai mkononi: Bwana, nisimsaliti mzee huyu. Hayo tu. Nikasema shati sitoi.

Walionisemea mabaya walinisemea. Na mmoja aliuchukua mchango wake akaondoka nao. Lakini mavyaa wangu, ambaye sikujua angesimama upande gani, alijifunga leso yake vizuri akasema, "Mwanangu alikuwa na presha. Daktari amenionyesha ile picha ya kichwa, nimeiona damu ilipozuilika. Shemeji yangu hakumtia presha." Kisha alfajiri akapanda matatu akarudi kijijini, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akala naye chakula cha mchana barazani, njia panda, kila apitaye aone. Sijui kama mwanangu msomaji unaelewa maana ya mama wa mgonjwa kuonekana akila sahani moja na mzee anayeshukiwa. Maneno kijijini yalipungua tangu siku hiyo.

Mzee yu hai. Msimu wa embe alikuja Malindi na mfuko wa embe begani, akakaa na mume wangu kutwa, wakachambua mbaazi pamoja, mmoja hana macho mazuri, mwingine ana mkono mmoja. Mawe niliyoyakuta kwenye sufuria baadaye niliyatoa bila neno.

Ninapoomba neema ya kuvumilia kwa uaminifu, jambo la namna hiyo ndilo ninaloliombea. Kuvumilia tu, mbona wengi tunavumilia kwa sababu hatuna pa kwenda. Lakini dhiki ina namna ya kukudai kitu: mpe mwenzako lawama, sema uongo kidogo, chukua kisicho chako, msahau mumeo. Wapo wanaume walioniambia kwamba mimi bado ni kijana na mtu yule hatainuka. Sisemi zaidi ya hapo. Nilimpigia magoti Mungu kuhusu hilo pia, na nimebaki mke wa mume wangu kwa neema, na neno hili nalisema kwa shukrani.

Kuna uvumilivu mwingine ambao mtu wa Malindi hawezi kuandika habari za majaribu akaunyamazia. Aprili 2023, kule msitu wa Shakahola, habari zilipoanza kutoka, mji wetu ulijaa watu kutoka kaunti za mbali. Walikuwa wakija kutafuta wazazi, dada, wajukuu. Asubuhi waliketi kwenye bao langu kabla ya kwenda hospitali kutoa damu au mate ya kupimwa DNA, ili ijulikane kama miili iliyofukuliwa ni ya wao. Walikuwa wakiagiza chai na mahamri na kuyaacha. Miili zaidi ya 400 ilitolewa katika ardhi ile, wakiwamo watoto wengi. Marehemu wale walikuwa wameambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Waliambiwa shule ni ya dunia, hospitali ni ya dunia, dawa ni ya dunia.

Mume wangu alikuwa kitandani wakati huo, na vidonge vyake vya presha viko kwenye kopo juu ya meza. Na kabla ya Shakahola kujulikana, alikwishapita mhubiri mmoja mgeni nyumbani kwangu, akaniambia vidonge vile ndivyo vinavyoziba njia ya muujiza. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka mlangoni, na vidonge vikabaki mezani. Nasema kwa nguvu zangu zote, kwa mtu yeyote atakayesoma: Mungu aliyemlisha Eliya mkate na maji alipojilaza chini ya mretemu akitaka kufa hakumwambia afunge zaidi. Alimwambia inuka, ule, maana safari ni kubwa mno kwako. Neema ya kuvumilia ina chakula ndani yake, na usingizi, na kidonge cha asubuhi, na mtu wa kukushikia zamu. Anayekwambia uvumilie kwa kumnyima mtoto wako maji hajatumwa na Mungu, hata akikunukulia Biblia nzima.

Mwaka jana umoja wa akina mama ulitupeleka Rabai, walikofanya kazi wamisionari wa kwanza wa pwani yetu, na niliona mambo ambayo tangu shuleni nilikuwa nimeyasikia kwa juu juu. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Mwaka huo huo, Julai, mkewe Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto naye akafa. Mwezi mmoja kabla ya hapo mtu huyu alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na baada ya maziko mawili aliendelea. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alimfuata 1846. Dunia inamkumbuka Rebmann kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro 1848. Mimi niliondoka pale nikikumbuka mengine: kwamba alikaa kwetu pwani miaka 29, waumini wachache kabisa, mkewe akafia huku, na alipoondoka 1875 macho yake yalikuwa yamepofuka, akafa mwaka uliofuata. Yeye hakuona kwamba siku moja pwani hii ingejaa makanisa.

Na mtu wa kwanza wa kabila letu la Mijikenda kuipokea imani kwao alikuwa kiwete, jina lake Mringe. Alibatizwa akiwa mahututi, akafa. Nilisimama muda nikilifikiria hilo, wenzangu wamekwishatoka nje kununua madafu. Wamisionari wale walikuwa na mipango ya kufika mpaka ndani ya Afrika, vituo kwa vituo, na mavuno yao ya kwanza yalikuwa mtu mlemavu asiyeweza kwenda mbali. Nikamwona mume wangu kitandani. Nilikuwa nimezoea kumwona kama jaribu nililopewa mimi. Pale Rabai nilianza kumwombea yeye neema ya kuvumilia, maana aliyepoteza mkono ni yeye, aliyepoteza maneno ni yeye, na anayevumilia kugeuzwa, kuoshwa na kulishwa na mke wake, mbele ya watoto aliowazaa, ni yeye. Mpishi aliyekuwa akikatakata kitunguu bila kutazama kisu. Sikumbuki kanisa likimwombea hivyo hata siku moja. Tulikuwa tukimwombea ainuke.

Niliporudi nilimuuliza, "Baba watoto, unataka nikuombee nini?" Alikaa kimya muda mrefu akilitafuta neno. Akasema, "Nisi… nisichukie." Nikamwuliza, kumchukia nani? Akajigusa kifuani.

Hilo ndilo tunaloomba sasa sisi wawili, jioni, baada ya Baba Yetu. Si maombi marefu. Yeye anaomba asijichukie, mimi naomba nisichoke naye, na mtoto wa mwisho huwa anaongeza la mtihani wake. Siku nyingine zinakuwa nzito hata hayo hayasemeki, na hapo nasoma Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau?", nafunga kitabu. Mungu aliyeruhusu maneno yale yaandikwe hawezi kukasirika nikimsomea.

Na Ramadhani kila inaporudi, biashara yangu huhama kutoka asubuhi kwenda jioni. Nachoma sambusa na kaimati za kufuturu badala ya mahamri. Yule mama wa nyumba ya pili hatoi futari kwa watoto wake kabla hajatuletea sahani yetu. Ananiambia maneno ya kwao, kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Naitikia amina kwa moyo wote. Yeye alikuwapo usiku ule.

Mazoezi yanaendelea. Anatembea kwa fimbo kutoka chumbani mpaka barazani, mguu wa kulia unakokota, na vidole vya mkono bado. Mkituombea, tuombeeni hayo: mkono, dawa zisikatike, na roho yake isijichukie. Mwombeeni na yule mzee wa Magarini, msimu wa mvua ukichelewa maneno huanza tena. Na wewe mwenye mgonjwa hapa Malindi, ambaye hujalala vizuri tangu mwaka jana na hukuwahi kumwambia mtu, njoo kibandani saa nne wateja wakipungua. Najua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, nitakuonyesha, na Jumamosi mchana naweza kukushikia zamu ukalala.